Usimwache Mpiga Solo Bila Jina

Katika kabati la vyombo la marehemu mama yangu, nyuma ya birika na vikombe vya wageni, kulikuwa na boksi la viatu lililojaa kaseti. Nyingi zilikuwa zimerekodiwa upya kutoka kaseti nyingine, zimepita mkono kwa mkono, na mtu fulani alikuwa ameziandika kwa kalamu ya wino: "Dansi 2", "Za harusi", "Mchanganyiko". Kuna wimbo mmoja, upande wa pili wa "Dansi 2", naujua hadi leo. Solo linaingia baada ya ubeti wa tatu, linapanda polepole kama mtu anayepapasa ngazi gizani, na likifika juu mama alikuwa anaacha kufagia. Sijui nani alilipiga. Nimewauliza wazee, nimeuliza Kariakoo, nimewapigia watu wimbo wenyewe kwa mdomo. Kila mtu ana jina lake la kukisia. Kaseti ile ilifika kwetu bila jalada, na jalada lilipopotea liliondoka na watu wote waliokuwa ndani ya wimbo.

Ndiyo maana mwanafunzi akiniambia "tumepewa tu kazi ya kudizaini kava la albamu", hilo neno "tu" linanichoma.

Kazi yenyewe unaijua. Unachagua albamu, unapiga picha, unapanga uso wa mbele, mgongo, nyuma, ndani na kijitabu, kisha unaikabidhi ipewe alama. Uingereza wanafunzi wa sekondari ya juu waliosoma masomo ya vyombo vya habari waliifanya kwa miaka mingi, pamoja na video ya wimbo na tangazo la jaridani. Na kokote inakofanywa nimeona inavyouawa: mwanafunzi anabuni bendi ambayo haipo, anaipa jina la Kiingereza, anavuta picha mtandaoni, anaweka moshi na herufi za dhahabu, anahifadhi faili saa sita usiku, analala. Anapata alama zake, na hakuna mtu yeyote duniani ambaye maisha yake yameguswa na kazi hiyo.

Wewe usifanye hivyo. Toka nje. Umbali wa nauli moja ya daladala kutoka hapo ulipo kuna mtu anayeimba na hana jalada. Kuna kwaya imerekodi nyimbo nane, inaziuza kwenye flashi baada ya ibada. Kuna kijana amerekodi nyimbo sita chumbani, godoro limeegeshwa ukutani lizuie mwangwi. Kuna kikundi cha taarabu ambacho bi mkubwa wake anakumbuka nyimbo ambazo hakuna aliyeziandika popote. Kuna mzee aliyepiga besi katika bendi ya shirika la umma, zama ambazo kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake na chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz, na leo anauza vocha chini ya mwembe. Mwendee. Mwamkie. Mwambie wewe ni mwanafunzi, umepewa kazi ya kutengeneza jalada la albamu, na unaomba liwe lake.

Utasema wewe ni nani hata umtengenezee mwanamuziki wa kweli kitu cha kweli. Mwaka 1974, mjini Lagos, kijana wa miaka 18 aitwaye Lemi Ghariokwu, aliyejifundisha kuchora mwenyewe, alikuwa amemchora Bruce Lee na picha ikatundikwa kwenye baa ya mtaani. Mwandishi wa habari mmoja akaiona, akamtaka amchore mwanamuziki Fela Kuti, kisha akampeleka nyumbani kwa Fela. Fela alipotaka kumlipa, kijana akaikataa hela. Akasema picha ni zawadi. Mwaka huohuo alichora jalada la albamu yake, Alagbon Close: Fela amekata mnyororo, na baharini nyangumi anapindua boti ya polisi. Baada ya hapo alimfanyia majalada mengi, na hesabu yake ilifika 26. Hakuwa na cheti cha usanifu. Alichokuwa nacho ni kwamba alikaa na muziki ule kabla ya wengine, akausikiliza, akachora alichokisikia pamoja na maoni yake mwenyewe juu ya nchi yake.

Na hata fani yenyewe ilianzishwa na kijana. Kabla ya 1940 sahani za santuri Marekani zilikuwa zikiuzwa zaidi ndani ya karatasi ya kahawia au kijivu, bila picha yoyote. Alex Steinweiss, ambaye hakuwa ametimiza miaka 25, aliishawishi kampuni ya Columbia imruhusu kuweka mchoro juu. Kila kava ulilowahi kulipenda limetoka katika ombi lile.

Kwa hiyo umri si kizuizi, na tuuache hapo.

Tuje kwenye picha, maana hapa ndipo wengi wanapokimbilia kamera kabla ya wakati. Kwanza sikiliza. Lala chini, zima taa, sikiliza albamu nzima mara nyingi hadi ujue pumzi za mwimbaji zinakatikia wapi. Mimi naamini kila wimbo una saa yake. Kuna sauti za saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Kuna muziki wa saa nane usiku, viti vimeanza kupinduliwa juu ya meza. Kuna rapu ya saa saba mchana, jua la utosini, foleni Ubungo haisogei. Itafute saa ya albamu uliyopewa, uiandike kwenye daftari, kisha nenda kapige picha saa hiyohiyo, mahali ambapo muziki ule unaishi. Ukifanya hivyo nusu ya kazi ya mwanga umeimaliza, kwa sababu mwanga na sauti vitakuwa vimetoka katika siku moja.

Halafu chora. Chora kwa penseli picha unayoitaka kabla hujaipiga, hata kama mkono wako unachora vijiti. Tarehe 8 Agosti 1969 The Beatles walivuka barabara mbele ya studio yao London huku mpiga picha Iain Macmillan akiwa juu ya ngazi katikati ya njia na polisi akiwazuilia magari. Ilichukua kama dakika kumi. Picha sita tu, na ya tano ikawa jalada la Abbey Road, lisilo na jina la bendi wala la albamu usoni. Dakika kumi zile ziliwezekana kwa sababu Paul McCartney alikuwa ameshachora karatasini anachokitaka. Wewe ambaye mwanamuziki wako ametoroka kazini kwa nusu saa, na kamera umeazima, unauhitaji mchoro ule kuliko walivyouhitaji wao.

Simu inatosha. Futa lenzi kwa kitambaa safi, tumia kamera ya nyuma, usivute kwa vidole. Sogea kwa miguu. Picha ya megapikseli 12 ina nukta 4,000 kwa 3,000. Ukiikata mraba unabaki na 3,000 kwa 3,000, na kwa nukta 300 kwa inchi hiyo inachapika safi hadi upana wa sentimita 25. Uso wa CD ni sentimita 12. Una ziada ya kutosha. Kinachoua picha za wanafunzi ni safari ya kutoka simu moja kwenda nyingine: ikitumwa WhatsApp kama picha inabanwa na nukta zinapotea, nawe unagundua kwenye karatasi wakati hela ya kuchapa imeshalipwa. Itume kama dokumenti, au ihamishe kwa waya.

Jua letu la pwani kuanzia saa nne hadi saa tisa linaanguka wima. Linachimba mashimo meusi chini ya nyusi na kumpa kila mtu sura ya aliyekesha msibani. Kama albamu yako si ya saa hizo, lisubiri lishuke. Kama ni ya saa hizo, msogeze mtu kwenye baraza, mlangoni, chini ya turubai, mahali ambapo mwanga unaingia kutoka ubavuni, na mwenzio ashike shuka jeupe upande wa pili ili mwanga urudi usoni. Dirisha moja na shuka moja vimenipa picha ambazo taa za kukodi hazikunipa.

Na kuhusu ngozi zetu niseme kwa msisitizo, kwa sababu jambo hili lina historia. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe. Wapiga picha waliziita kadi za Shirley. Filamu na vipimo vikapangwa kumtendea haki yeye, na watu weusi wakatoka kwenye picha wakiwa vivuli vyenye meno. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini bado ukimsimamisha mzee mweusi mbele ya ukuta mweupe unaong'aa, kamera itapima ukuta na kumzamisha yeye. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime pale, ongeza mwanga kidogo, au mtafutie ukuta wa udongo, mlango wa mbao, kanga ya rangi nzito. Uangalie uso wake hadi uone shavu linapokea mwanga wapi. Mtu huyu huenda hajawahi kupigwa picha na mtu aliyemtazama kwa muda mrefu kiasi hicho.

Usimvalishe maisha ya mtu mwingine. Miwani ya kuazima, gari la jirani, cheni ya rafiki: jalada linakuwa la miwani, la gari na la cheni. Mwombe alete kitu kimoja kinachokaa na muziki wake kila siku. Nimewahi kuona mpiga tumba akileta kipande cha sabuni ya mche, anachokipaka kwenye ngozi ya ngoma. Sabuni ile juu ya ngoma, picha ya karibu, ilisema zaidi ya pozi zote tulizokuwa tumempangia.

Baada ya picha watu hukimbilia kompyuta. Subiri tena kidogo. Nenda steshenari, nunua karatasi ya manila, rula, wembe na gundi, utengeneze jalada tupu kwa mikono yako. Likunje. Lifungue. Ona jicho linaangukia wapi kwanza, mgongo ni mwembamba kiasi gani, ukurasa gani unafichwa na sahani yenyewe na kufunuliwa inapotolewa. Hapo ndipo utajua jalada si picha moja. Ni mlango, ukumbi na chumba cha ndani. Unaweza kuficha uso wa mwimbaji mbele na kumwonyesha ndani tu, kwa yule aliyejali kufungua. Unaweza kuweka chini ya sahani picha ya kiti chake kitupu. Kioo cha kompyuta hakitakupa mawazo haya, kwa sababu kioo hakikunjwi.

Programu za bure zipo na zinafaa: GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro na herufi, Scribus kwa kupanga kurasa za kuchapwa. Acha milimita 3 za ziada kila upande ili mkato usilete mstari mweupe, na usiweke herufi karibu na ukingo. Kumbuka kioo kinaonyesha rangi kwa mwanga ilhali mashine inachapa kwa wino wa rangi nne. Ile buluu kali ya kanga itafifia karatasini. Omba nakala moja ya majaribio, uitoe nje juani, uitazame. Hili la mkato nalisema kwa uchungu. Jalada la kwanza nililolipeleka kuchapwa nililipanga vibaya, na mgongoni herufi ya mwisho ya jina la mwimbaji ikakatwa. Nilimpelekea nakala zote. Hakulalamika. Alipitisha kidole pale jina lilipoishia, mara mbili, akanishukuru. Sijakisahau kidole kile.

Sasa tumefika mahali ninapopajali kuliko pote: ukurasa wa majina. Kwenye kazi nyingi za wanafunzi ukurasa huu hujazwa maneno ya kubuni, au haupo kabisa. Mimi nakuomba uanzie hapo.

Kaa na kila mtu aliyeshiriki. Muulize jina lake linaandikwaje, maana Said si Saidi na wala si Saeed, na mwenye jina ndiye anayejua. Nani alipiga solo, nani rizimu, nani besi, nani alipuliza tarumbeta kwenye wimbo wa nne tu kisha akaondoka. Nani alitunga maneno, na nani sauti. Nani aliyekuwa kwenye mitambo. Walirekodi mtaa gani, mwezi gani, mwaka gani. Nani aliwapikia. Andika yote.

Unajua Malaika. Dunia nzima inaujua. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akauimba, Boney M wakaucheza Ulaya. Na bado swali la nani hasa aliutunga limezua madai hadi leo, huku Adam Salim akiwa miongoni mwa waliosema ni wao. Wimbo mkubwa kuliko zote wa Kiswahili, na karatasi ya kumaliza ubishi haikuwepo. Upande wa pili mwangalie mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyesafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa lebo ya HMV. Tunaweza kumtaja leo pamoja na Maalim Shaaban, Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruk, kwa sababu watu walijipa kazi ya kuandika. Shaaban Robert akaandika wasifu wa Siti, na wengine wakafuata. Majina hayakubaki yenyewe. Kuna mkono uliyaweka.

Na usidhani kusahaulika huku ni kwa nyimbo zetu peke yake. Jalada la Unknown Pleasures la Joy Division, la mwaka 1979, lenye mistari myeupe kama vilele vya milima juu ya weusi, umeliona kwenye fulana hata kama hujawahi kusikia bendi yenyewe. Lilipangwa na Peter Saville, aliyekuwa ametoka chuoni Manchester mwaka mmoja tu kabla. Lakini ile mistari ni mapigo ya redio ya nyota, na aliyeichora ni mwanafunzi mwingine, Harold Craft, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Cornell. Bendi iliikuta kwenye ensaiklopidia ya elimu ya nyota. Craft mwenyewe alikuja kujua baadaye kwamba kazi yake ya shule iko kwenye madirisha ya maduka ya santuri. Kazi mbili za vijana katika jalada moja: mmoja alijulikana, mwingine akasubiri miaka mingi. Kwa hiyo mpiga picha wako aandikwe. Aliyeshika shuka jeupe aandikwe. Wewe mwenyewe ujiandike, kwa herufi ndogo, bila aibu. Na kama picha si yenu, iacheni. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na mwenye picha ile mtandaoni naye ni mtu aliyeamka alfajiri kuifuata.

Utaambiwa siku hizi muziki unasikilizwa kwenye simu, nani ananunua CD. Ni kweli, na uso wa jalada lako lazima uweze kuishi humo: mraba wa nukta 3,000 kwa 3,000, kisha uupunguze hadi ulingane na ukucha wa dole gumba na uone kama bado unamtambua mtu. Kama humtambui, ondoa vitu. Lakini mgongo, kijitabu na ukurasa wa majina havionekani kwenye ule mraba mdogo, na ndiyo sababu mtu lazima avitengeneze kwa karatasi. Nakala ishirini zinatosha. Moja ya mwalimu, moja ya maktaba ya chuo, na zilizobaki ni za waliopiga.

Una wiki sita, au nne, au mwalimu amekupa mbili. Jumamosi hii amka saa kumi na moja. Chaji simu usiku huu, kunja shuka uliweke kwenye mkoba, weka na daftari la majina. Ukikataliwa na wa kwanza, nenda kwa wa pili. Mtaa hauna upungufu wa watu wanaoimba. Mvua ikinyesha, piga picha ya mvua. Mashine ya steshenari ikikwama, rudi kesho, na keshokutwa, hadi ile karatasi itoke na jina limekaa zima mgongoni, herufi ya mwisho ikiwa na nafasi ya kupumua.

Kisha mpelekee mwenyewe, usimtumie kwa simu. Mpe kwa mikono miwili. Ataanza kwa picha, wote huanza kwa picha, atacheka au atasema amezeeka. Atageuza nyuma. Atafungua. Akifika kwenye majina atalisogeza jalada karibu na macho, na kidole chake kitaanza kushuka mstari kwa mstari. Usiseme kitu. Mwache asome.